Bi Mjalidi na Kitabu Kisichoshonwa

Kabla ya kumwamkia, ulinyoosha mikono. Ndivyo ilivyokuwa kwa Bi Mjalidi, kule juu ghorofani Kiponda, na hakujali wewe ni nani. Mwalimu wetu wa skuli alipoleta rejista zilizochanika alinyoosha. Shekhe mmoja aliyeleta msahafu wa babu yake alinyoosha vilevile, akarudishwa bombani kwa kuwa alitoka kula embe. Bibi aliitazama mikono juu na chini, akainusa, ndipo aliposema, "Haya, sasa niamkie."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa, usiguse."

Nilianza kwenda kwake nina miaka tisa, nikitumwa na mama. Mtaa mzima ulimwita kwa kazi yake, nami sikuuliza zaidi. Mimi si mtu wa kuuliza. Mimi ni mtu wa daftari. Mbele za watu ulimi wangu huwa kama umepigwa fundo, na Bibi mwenyewe aliniita Bubu, kwa mapenzi. Naandika habari zake kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu ndani ya chumba chake nilimfanyia rafiki yangu Zuhura jambo ambalo mpaka juzi sikujua nilianzie wapi kulitengeneza.

Kazi yake ilikuwa kuvishona vitabu vilivyoachana. Alikuwa na sindano ndefu, uzi uliopakwa nta, msharasi wa kutobolea, na mbao mbili za kubania zilizokazwa kwa skrubu. Gundi aliipika mwenyewe, unga wa ngano na kipande cha shabu ili wadudu wasiile. Mwaka ule unga ulipokuwa wa foleni, alisimama tangu alfajiri kama watu wote, akapata kibaba chake, akapanda nacho ghorofani akakipika gundi. Jirani wa chini akamwambia, "We Bi Mjalidi, watu wanalilia chapati, wewe unabandika makaratasi?"

"Karatasi nayo ina tumbo."

"Na wewe utakula nini?"

"Ntalamba mwiko."

Mama akampelekea muhogo wa nazi, naye akala sahani nzima, akauliza kama umebaki.

Alikuwa na kauli moja aliyompa kila mteja. "Tabibu hamuulizi mgonjwa kaoa nani. Mjalidi hasomi, mjalidi anashona." Wakati akiyasema hayo miwani ilikuwa imeshuka puani na macho yanakimbia juu ya mistari. Nilimkamata mara nyingi. Barua alizozikuta zimesahauliwa ndani ya vitabu vya watu alizirudisha pale pale, kwenye ukurasa ule ule, hakuna aliyeweza kumlaumu. Lakini siku ya kumkabidhi mwenyewe kitabu chake alimtazama kwa huruma, au kwa ukali, na mimi pembeni nikajua kasoma.

Siku moja alikuja mwanamke wa Ng'ambo kuomba vipande vya karatasi vinavyobaki Bibi akikata kingo. Alisikia kwamba karatasi ya kitabu kikongwe ukiirowesha, maji yake ukayatia kwenye chai ya mume, mume hatoki nyumbani.

Bibi akaokota kipande sakafuni akakisogeza machoni. "Hiki ni cha kitabu cha maradhi ya ng'ombe," akasema. "Ukimnywesha atakaa nyumbani kweli, lakini atacheua."

Yule mwanamke alicheka mpaka akalia, kisha kicheko kikaisha na kilio kikabaki. Bibi akaweka sindano chini, akamkalisha mpaka jua likapungua. Sikusikia waliyozungumza, nilitolewa nje. Lakini Bibi huyohuyo akipata homa alinywa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe zikaoshwa kwa maji. Nilimwuliza tofauti yake, moja katika maswali machache niliyowahi kumwuliza. "Yale ni maneno ya Mungu," akaniambia. "Haya ni makaratasi ya watu. Usinichanganye, nna gundi jikoni."

Basi sisi wasichana tuliokulia kunywa maandishi ili tupone hatukuona taabu kukisadiki kile kitabu.

Kililetwa kwake kabla mimi sijaanza kumjua, kikiwa hakijashonwa, karatasi nyembamba zilizopigwa taipu, hazina jina la mtunzi. Aliyekileta alisema atarudi Jumatatu. Zikaja zile siku za msukosuko, watu wakatawanyika, na yeye hakurudi. Bibi akakihesabu amana. Kila Jumatatu hakutoka nyumbani hata kwa maziko ya mtaani, asije mwenyewe akakuta mlango umefungwa. Na alikataa kukishona. "Nikikishona kimekwisha, na kikikwisha sina sababu ya kukaa nacho." Alikipanga mafungu thelathini na sita, akayaweka kwenye sanduku pamoja na karafuu.

Mtu wa namna hiyo ungedhani hakionyeshi kwa yeyote. Alitusomesha sisi, wasichana sita.

Kilikuwa kisa cha msichana anayelinda nyumba ya vitabu katika mji usiotajwa. Kila kitabu mle kilimsubiri mtu mmoja tu duniani. Akikifungua mwingine yeyote, kurasa ni nyeupe. Msichana amewafungulia watu vitabu vyao miaka na miaka, na yeye mwenyewe hajapata chake, mpaka siku anayofuta vumbi rafu ya chini kabisa. Ndani ya kile chake mna kijana mwandishi aliyelaaniwa na mfalme akageuzwa maneno. Kila alfajiri anamwandikia mstari mmoja mpya pembeni mwa ukurasa. Msichana anaruhusiwa kusoma, anaruhusiwa kujibu, ila jina la yule kijana lisijulikane na mtu mwingine hata siku moja.

Watu wazima walipotusikia wakasema ni upuuzi, na huenda walikuwa na haki. Mimi nnajua kilinifanya nini. Sikuwahi kudhani kuna kijana atakayenipenda, kwa sababu kijana sharti umjibu, na mimi wakati wa kujibu hutazama vidole vya miguu. Lakini kupendwa na kitabu, ukakifungua ukakuta jambo limeandikwa usiku wakati umelala, la kwako wewe, na hakuna anayekutazama ukilisoma: hilo niliona naliweza. Wenzangu walimpenda yule kijana. Mimi nilikipenda kile kimya baina yake na msichana.

Namna ya kukisoma aliitoa kwenye hitima. Katika hitima msahafu hugawiwa juzuu thelathini, kila mtu huchukua yake, wote husoma kwa pamoja, na kwa muda mfupi msahafu mzima umesomwa. Bibi akasema dhambi ni kufananisha kitabu na kitabu, si kufananisha mgawo. Kila Alkhamisi baada ya alasiri kila mmoja wetu alipewa fungu lake. Tulisoma kimya, halafu tukakaa kwa mpango wa mafungu, na kila mtu akawahadithia wenzake yaliyomo katika lake. Lililohadithiwa lilirudi sandukuni. Kwa hiyo hapakuwa na hata mmoja wetu aliyekisoma kitabu chote. Kila mmoja alimwamini mwenzake.

Alkhamisi ya kwanza mimi nilipewa fungu la tano.

Naandika kama lilivyokuwa. Ndani ya lile fungu kijana anaandika, "Leo nimechoka kuwa maneno," na chini yake anatia jina lake. Msichana anasoma, anainama, anaibusu ile mistari, na wino unamganda midomoni. Anatoka nje hana habari, na mji mzima unalisoma jina la kijana juu ya midomo yake. Ni kurasa nne za busu. Nilizisoma masikio yakiwaka moto. Zamu yangu ilipofika, wenzangu wanne walikuwa wameshahadithia, wote wananitazama, na Bibi anatia uzi sindanoni. Nikaona siwezi. Neno lenyewe tu siwezi kulitoa mdomoni.

Nikasema, "Alikifunga kile kitabu."

"Alikifunga kwa nini?" akauliza Zuhura.

"Kumjaribu. Siku arubaini hakifungui. Aone kama ataendelea kumwandikia."

Zuhura ndiye aliyekuwa na fungu la sita. Alikuwa na miaka kumi na saba, jirani yetu, na tangu utoto yeye ndiye aliyenisemea. Dukani alisema, "Huyu anataka penseli." Skuli alisema, "Huyu anaumwa kichwa, Mwalimu." Sasa akafungua fungu lake akasema, "Ndiyo maana. Hapa anakimbia mji na mdomo kauziba kwa upande wa kanga. Nilikuwa sielewi. Kumbe ameapa kunyamaza."

Wenzetu wakasema subhanallah, mapenzi gani hayo. Kisa kikashikana vizuri kuliko vile kilivyoandikwa. Nikamtazama Bibi. Alikuwa ameacha kushona, uzi mkononi, ananitazama juu ya miwani.

Zuhura alikuwa ameposwa na kijana wa Pemba, na wazee wa pande zote wameridhia. Barua zao zilipitia kwa dada wa yule kijana, na wazee walijifanya hawazioni. Alkhamisi ya pili Zuhura aliingia anacheka. "Na mimi nshakifunga changu," akasema. "Barua yake imekuja, sikujibu. Arubaini kamili. Nione kama wangu ni mwandishi au ni mpiga porojo."

"Ukimkosa je?" akauliza mmoja.

"Nikimkosa kwa siku arubaini, miaka arubaini ningekuwa naye vipi?"

Tukacheka sote, na Bibi akacheka. Kisha akagawa mafungu. Wenzangu wakaenda mbele. Mimi akanipa tena la tano.

"Bibi, hili nimeshalisoma."

"Leo pia lako," akasema. "Kuna watu hawajashiba."

Nikaelewa kuwa ananipa nafasi ya kutubu. Zamu yangu ilipofika nikafungua mdomo nitubu, ukatoka uongo mwingine: siku ya kumi kitabu kilisikika kikigongagonga rafuni kama mtu anayebisha hodi. Alkhamisi ya tatu akanipa la tano. Nikasema wino ulianza kuvuja kingoni mwa jalada, msichana akaufuta kwa ushungi wake na bado hakufungua. Alkhamisi ya nne na ya tano, lile lile la tano. Kila wiki nilirudi nyumbani nikaandika kwenye daftari: Bibi anajua, Bibi ananisubiri, kesho nitamwambia Zuhura. Na kila kesho Zuhura akanishika mkono njiani akanisimulia barua mpya iliyokuja kutoka Pemba, na jinsi inavyomuuma kutoijibu, na jinsi maumivu yenyewe yalivyo matamu, nami nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Alkhamisi ya sita Zuhura aliingia akakaa bila ya mzaha.

"Meli ya juzi haikuleta kitu," akasema. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya buibui lake. "Na ya wiki iliyopita. Lakini bado siku nane. Yule wa kitabuni alivumilia, na mimi ntavumilia."

Bibi akanipa fungu la tano. Sikusubiri zamu. Nikalifungua nikaanza kulisoma, si kuhadithia, kusoma kwa sauti, kwa sababu maneno ya mtu mwingine ndiyo pekee ambayo ningeweza kuyasukuma nje. Nilisoma kuchoka kwa kijana. Nilisoma kuinama. Pale pa busu sauti ilikatika, nikarudia mstari tangu mwanzo, nikapita. Nikasoma mpaka jina likaonekana midomoni na msichana akakimbia kauziba mdomo wake.

"Hiyo siyo tuliyoisikia," akasema mmoja.

Zuhura alikuwa ananitazama mimi tu. "Mbona ulisema alikifunga?"

"Nilizua."

"Na kugonga rafuni? Na wino?"

"Nilizua yote."

"Kwa nini?"

"Niliona haya kulisema lile."

Aliyapanga kichwani. Kisha akasema, polepole, "Umeona haya wewe, nikanyamaza mimi."

Akatoka. Tulisikia ndara zake ngazi nzima mpaka chini. Bibi alikusanya mafungu akayatia sandukuni, akasema Alkhamisi ijayo hakuna, na Alkhamisi hazikurudi tena.

Zuhura aliandika Pemba siku ileile. Jibu lilikuja kwa wazee, si kwake. Kwetu mwari akiulizwa akanyamaza ndiyo ameridhia. Yule kijana, mwezi mzima na zaidi hana barua, alikisoma kimya kile kinyume chake. Wazee wake wakasema kwa adabu kabisa kwamba binti hataki, nao hawamlazimishi mtoto wa watu. Mama yake Zuhura alilia. Zuhura hakulia mbele yangu, maana hakukaa tena mbele yangu. Alimaliza skuli akapata kazi ya kusomesha Jambiani, na siku ya kuondoka aliwaaga nyumba zote za uchochoro wetu. Kwetu aliniambia, "Ubaki salama," kama anavyoambiwa mtu yeyote.

Ni miaka miwili sasa. Katika miaka hiyo macho ya Bi Mjalidi yaliingia ukungu, mpaka akawa anajidunga sindano. Mtoto wa ndugu yake akamchukua akae naye Jang'ombe. Nilichelewa kwenda kumtazama, na sababu ni ileile, haya. Juzi mama alinipa kikapu cha ndizi akasema nisirudi nacho kimejaa.

Nilimkuta kwenye baraza ya uani, anachambua mchele kwa vidole, anautupa mchanga mbali bila ya kuuona.

"Nani?"

"Mimi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Bubu?"

"Naam."

"Sauti yako imekua. Kaa. Zuhura hajambo?"

"Nasikia hajambo. Yuko Jambiani, anasomesha."

"Unasikia. Hamuandikiani?"

"Hatuandikiani, Bibi."

Akaendelea na mchele. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kutoka mjini, nikaona nisipoyatoa sasa nitarudi nayo. Nikamwambia nimekuja kumshukuru. Kwamba alijua tangu siku ya kwanza, na hakunifedhehi, na kila Alkhamisi alinipa lile fungu ili nitubu mwenyewe, na kuchelewa kulikuwa kwangu mimi.

Vidole vikasimama. "Nani aliyekwambia nilikupa utubu?"

"Mimi nilidhani hivyo."

"Ulidhani." Akaupapasa ungo, akausukuma kando. "Sikiliza, mwanangu. Kitabu kile nimekisoma sina idadi. Najua pa kulia na pa kucheka. Najua hata pale taipu ilipoishiwa wino. Siku ile ukafungua mdomo, wewe ambaye hata kikohozi unakiombea ruhusa, nikasikia neno nisilolijua. Nikasema moyoni, ehe. Wiki nzima nashona na nawaza, siku ya kumi itakuwaje. Ulipokuja na kile kitabu kinachobisha hodi, sikulala. Nikakupa tena ili uendelee."

Nikaanza kutoa ndizi kikapuni.

"Sikuwa nakufunza kitu," akasema. "Nilikuwa na hamu."

"Na Zuhura, Bibi?"

"Zuhura alisema mbele yangu kwamba amefunga chake. Mimi mtu mzima, nimeolewa, nimezika, najua meli ya Pemba na midomo ya watu. Nikacheka pamoja nanyi. Nilimsikiliza kama anavyosikilizwa mtu wa kitabuni. Nilitaka nijue yake itaishaje." Akajifuta uso kwa upande wa kanga. "Ilipoisha ndipo nilipokumbuka kuwa ni mtoto wa nyumba ya pili."

Ndani ya nyumba mtu alikuwa anakuna nazi. Nilihisi hasira kidogo, naandika ukweli, na chini ya hasira nikahisi kitu kama pumzi, kwa sababu miaka miwili nilikuwa nimeubeba ule mzigo nikidhani upande wa pili hauna mtu.

"Una karatasi?" akauliza.

"Nna daftari."

"Chana moja. Mwandikie."

Nikamwandikia palepale, juu ya goti. Haikuwa ndefu. Nilimwambia Zuhura kwamba nilizua kwa haya, nikaendelea kwa woga, na nilikuwa na siku thelathini na tano za kumwambia, kila moja nikaiacha ipite. Nikamwambia sitaki aniambie si kitu, kwa sababu ni kitu. Nikamwambia hakuna anayenisemea siku hizi, nnasema mwenyewe, vibaya. Nikamwomba radhi, nikatia jina langu.

"Nisomee."

Nikamsomea yote, na sauti haikukatika.

"Mimi simo," akasema.

"Bibi, uongo ulikuwa wangu."

"Na hamu ilikuwa ya nani? Nitie."

Nikaongeza mistari mitatu, kama alivyonitamkia, kwamba alijua akanyamaza, na kwa nini. Kisha nikauliza nimwandike vipi mwishoni, nimwandike Bi Mjalidi?

"Bi Mjalidi ni kazi. Kazi haiombi radhi."

Akanitajia jina lake, na la baba yake, polepole, akisubiri kalamu yangu ifike kabla ya kuendelea. Miaka minane nimeingia kwake na kutoka, na nilikuwa silijui. Nililiandika chini ya langu. Barua imeondoka leo asubuhi na gari la Jambiani. Jina lile ni la Zuhura kulisoma, na humu sikulitia.